Daftari Lililobandikwa kwa Muhogo

Historia ya bweni itashuhudia kwamba Glodie wa darasa la tano sekondari hakuwahi kuadhibiwa bila kustahili. Safari hii alikuwa amemfunga jogoo wa jikoni tai ya mkuu wa nidhamu. Hukumu ikasomwa: wiki nzima amshikie taa Madame Solange, mtafiti aliyetoka Kisangani kuchunguza jinsi ya kuokoa vitabu vikuukuu vya shule yao ya Bunia.

Glodie alijiandaa kufa kwa usingizi. Kumbe vitabu ni wambea. Madame alisogeza kioo cha kukuzia juu ya masizi ya rafu ya chini, akasema wakimbizi wa vita walilala humu maktabani na kupikia humu. Kwenye kitabu cha ramani, tone la mshumaa lilikuwa limegandia barabara ya kwenda mji wa Boga.

"Kuna mtu alikaa hapa akitafuta pa kukimbilia," alisema.

Glodie akasahau kupiga miayo.

Papa Hubert, mtunza maktaba, alisikiliza yote. Siku ya tatu akaja, kofia mkononi.

"Madame, wanafunzi wa zamani walikuwa wanaandika majina yao wenyewe wakichukua kitabu?"

"Wenyewe, Papa, kwa mkono wao. Kwenye daftari la kuazima."

"Basi natafuta daftari la deux mille trois. Mutoto yangu Angèle alisomea hapa, mbele ya kifo chake. Nyumba yetu ya Ngezi iliungua na kila kitu. Picha hakuna, barua hakuna. Hata herufi moja ya mukono wake sina."

"Yako wapi madaftari ya mwaka huo wa 2003?"

"Wanasema nayo yaliungua wakati wa vita."

Hayakuungua. Mwaka jana Glodie aliyakuta ndani ya sanduku, nyuma ya vitanda vibovu vya bweni. Akachagua moja, akakoroga gundi ya unga wa muhogo, akabandika ukurasa kwa ukurasa, kisha akalivika jalada la daftari jipya na kuliweka mezani pa Papa Hubert. Papa Hubert akahangaika kulifungua mbele ya inspekta, kama mtu anayemvua kobe gamba. Shule nzima ilicheka hadi machozi. Glodie akalirudisha sandukuni kwa siri, na bwenini akawa mtu mkubwa kwa muda wa mwezi mmoja.

"Najua yaliko," alisema sasa, akatoka mbio.

Sandukuni yalikuwemo sita. Yeye aliyezoea kusinzia misa nzima aliomba njia yote ya kurudi: la Angèle liwe lingine, liwe lolote lingine.

Lilikuwa lile lile la gundi.

Madame alipenyeza kisu chembamba kati ya kurasa. Karatasi ikatoka kama pumba. Kila palipopakwa gundi palikuwa matundu matupu.

"Muhogo," alisema. "Mende wamefuata chakula. Hapa siwezi kitu, Papa. Nisamehe."

Papa Hubert aliokota kipande kidogo kuliko ukucha, akakigeuza. Hakikuwa na wino.

"Labda ni mutoto wa wakimbizi alimwaga bugali yake," alisema taratibu. "Alikuwa na njaa. Tusimulaumu."

Madame alinusa gundi. Akamgeukia Glodie aliyeshika taa.

"Gundi hii haijamaliza miaka miwili," alisema.

"Ni mimi, Papa," Glodie akasema. "Ile siku ya inspekta."

Alingoja kofi. Alingoja kufukuzwa, jina lake lisomwe mbele ya bendera. Lolote kati ya hayo angelipokea kwa shukrani. Papa Hubert akavuta kiti, akaketi mbele yake, magoti yakakaribia kugusana.

"Basi ni weye wa mwisho kuona jina yake," alisema, na sauti yake ilikuwa na tumaini, jambo lililokuwa baya kuliko kofi. "Angèle. Aliandika A yake namna gani? Kubwa? Alipiga mustari chini ya jina?"

Glodie alifumba macho, akatafuta. Aliona sufuria, na mvuke. Aliona wenzake wakiziba midomo kwa kicheko. Aliona mkono wake mwenyewe ukipaka gundi, mstari baada ya mstari, kwa uangalifu ambao hakuwahi kuuonyesha darasani. Majina hakuyatazama hata moja.

"Fikiri polepole, mutoto yangu," alisema Papa Hubert. "Niko nangojea."