Sifuri Arobaini na Mbili

Mimi sina ugomvi na mtu anayenikosoa. Nikosoe, nionyeshe kosa liko wapi, nitalifuta mwenyewe. Lakini usiwaite wanafunzi wangu wezi mbele yangu halafu utegemee nipige makofi. Thubutu!

Na ndicho walichofanya, siku ya mwisho ya mkutano mkuu wa mwaka wa wanatakwimu na walimu wa takwimu, katika ukumbi wa viti mia tatu wenye kiyoyozi kilichowashwa kana kwamba tumeletwa kugandishwa. Nilikuwa safu ya nyuma, kadi ya njano shingoni. Kadi za bluu ni za maprofesa na watafiti. Za njano ni zetu sisi walimu wa sekondari. Wa bluu wanauliza maswali kwa mdomo. Wa njano tunaandika kwenye karatasi, tunampa mhudumu, na karatasi inakwenda kufia mezani kwa Mwenyekiti. Siku mbili nzima nilisimama kando ya bango langu, ambalo walilibandika kwenye korido ya vyooni, na swali pekee nililoulizwa na mtu wa kadi ya bluu ni wanaume waingilie mlango upi.

Bango lenyewe lilieleza ninavyofundisha. Kila Jumatatu nabandika ubaoni kipande cha gazeti: asilimia themanini ya watu wanapenda hiki, asilimia tisini wanataka kile. Darasani kwangu hakuna anayegusa kikokotoo kabla hajanijibu jambo moja: hao walioulizwa walikutwa wapi? Miaka minne mfululizo, Jumatatu kwa Jumatatu. Wanafunzi wananiita Mama Walikutwa-Wapi, wakidhani sisikii.

Basi msemaji mkuu akapanda jukwaani. Tumwite Profesa, kama kila mtu alivyokuwa akimwita. Suti ya kijivu, na sauti ya taratibu ya mtu ambaye hajawahi kukatizwa maneno tangu azaliwe. Mada yake ilikuwa mbinu mpya ya kuwanasa watahiniwa wanaonakiliana.

"Nitawapa mfano hai," akasema. "Shule moja, jina naliacha. Watahiniwa kumi na wanne."

Shule yangu ilikuwa na watahiniwa kumi na wanne, na matokeo yao yalikuwa yamezuiwa wiki ya tano sasa. Barua ya Baraza la Mitihani ilisema tu kwamba kuna shaka. Shaka ya nini? Hakuna aliyenijibu. Siku ile ilikuwa Ijumaa, na vyuo vilikuwa vinafunga usajili Jumatatu. Mmoja wa hao kumi na wanne ni binti wa marehemu dada yangu, niliyemlea tangu ana miaka sita, na nafasi yake chuo cha uuguzi ilikuwa inasubiri karatasi ya matokeo tu. Bila karatasi hiyo, hana chuo, wala wenzake hawana.

Slaidi ikaja. Swali la saba: *Watu 200 waliokutwa ndani ya maktaba waliulizwa kama wanapenda kusoma. Watu 180 walisema ndiyo. Mji una watu 10,000. Kadiria ni wangapi wanapenda kusoma.* Chini yake, jibu la mwongozo wa kusahihishia: 9,000.

"Katika kila watahiniwa elfu moja," akaendelea Profesa, "ni mmoja tu anayeacha kuandika namba na kusema haiwezekani kukadiria. Jibu la ajabu, na si sahihi. Sasa, shule hii wote kumi na wanne wameliandika. Uwezekano wa mmoja ni moja kwa elfu. Uwezekano wa wote, tunazidisha elfu kwa elfu, mara kumi na nne."

Akabonyeza. Ikatokea moja juu, na chini yake namba yenye sifuri arobaini na mbili, imejaa ukuta mzima. Ukumbi ukaangua kicheko. "Hata bahati huwa inachoka," akasema, nao wakampigia makofi. Mikono yangu niliikalia.

Wakati wa chai Mwenyekiti alinifuata koridoni, pale pale kwenye bango langu. Mwenyekiti wa chama ni mwanamke niliyesoma naye chuo, tukilala chumba kimoja. Alikuwa na Afisa wa Baraza la Mitihani, bwana mmoja mnene mwenye faili kwapani.

"Dada, tunataka kukusaidia," Mwenyekiti akasema. "Jaza fomu hii kwamba uliwafundisha vibaya. Kosa la mwalimu, basi. Watoto wanatoka hatiani, swali la saba wanapewa sifuri, matokeo yanatoka leo leo. Wewe unapewa onyo, yanaisha."

"Niliwafundisha vibaya nini?"

"Usianze."

"Watu walikutwa maktaba! Unamkuta mtu maktaba unamuuliza kama anapenda kusoma, halafu jibu lake unambambikia mji mzima? Wewe ungeandika elfu tisa?"

Akamtazama Afisa, akaninong'oneza. "Kila mtu mle ndani anajua swali ni bovu. Lakini mwongozo ulishachapwa, na swali alilitunga Profesa mwenyewe. Unataka nifanye nini? Saini, mwenzangu. Jumatatu si mbali."

Sitawadanganya, nilikaribia kusaini. Nilimwona mtoto wa dada yangu akirudi jikoni kwangu kuosha vyombo mwaka mzima kwa sababu ya kiburi changu. Nilichukua ile fomu, nikaenda hadi dirishani, nikampigia simu.

"Mamdogo, umekula?" Ndivyo anavyoanza siku zote.

Nikamweleza yote. Nikasikia bomba la maji likifungwa.

"Na sisi walituambia hivyo hivyo walipokuja kutuhoji," akasema. "Mmoja mmoja, chumba cha peke yake. Semeni mwalimu ndiye alikosea, mtapata matokeo yenu. Wote tulikataa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungewafuata ofisini kwao ukawapigie kelele. Mamdogo, chuo nakitaka mpaka silali. Lakini usisaini. Tafadhali."

Nilikata simu, nikafuta machozi kwa fomu yao, nikaikunja, nikaitupa kwenye pipa la vikombe vya karatasi. Nilikuwa na hasira mpaka masikio yamepata moto. Watoto wa miaka kumi na minane walifungiwa vyumbani na watu wazima, wakabanwa, na hawakuyumba. Mimi na nywele zangu nyeupe ndio nianze kuyumba?

Kipindi cha maswali kilipoanza, sikuandika karatasi. Nilitembea katikati ya ukumbi mpaka mbele kabisa. Mhudumu wa maiki akanizuia kwa adabu. "Mama, kadi ya njano..."

"Nimeiona, mwanangu, imenining'inia tangu juzi. Lete hiyo maiki."

Akanipa. Nikasema, "Ile shule ni yangu," na papo hapo wakaizima. Jamani! Mwalimu wa miaka ishirini na sita unamzimia maiki? Mimi nimefundisha watoto sabini chini ya bati, mvua inanyesha.

"Ile shule ni yangu!" nikarudia, na safu ya mwisho wakasikia. "Profesa, una watoto wangapi?"

Alikuwa amekaa mstari wa mbele. "Watatu," akasema, akishangaa.

"Wana pua kama yako?"

Watu wakaanza kucheka. Akakubali kwamba ndiyo, wawili.

"Hiyo pua yako si ya kawaida, utanisamehe. Tuseme katika watu elfu ni mmoja anayo. Kwa hiyo hao wawili tuzidishe, elfu kwa elfu, tuseme pua wameiba? Au tuseme wana baba mmoja? Wanangu kumi na wanne wana mwalimu mmoja. Unazidisha vipi kana kwamba hawajuani, kana kwamba kila mmoja ameokotwa njiani? Mwanafunzi wangu akizidisha hivyo namrudisha nyuma darasa zima!"

"Mama, tafadhali kaa," Mwenyekiti akasema kwenye maiki yake, ambayo yeye hakuzimiwa.

"Nakaa. Kwanza nawapa mtihani. Swali la saba, mmeliona wote. Wanatakwimu mia tatu. Ambaye angeandika elfu tisa, asimame."

Profesa alijinyanyua nusu, akatazama kulia, akatazama kushoto, akarudi kitini. Hakusimama mtu, si bluu, si njano, si Mwenyekiti, si Afisa na faili lake.

"Mia tatu," nikasema, "na jibu ni lile lile moja. Profesa, uzidishe mwenyewe au nikuzidishie? Mmenakili kwa nani?"

Kule nyuma kwa wenzangu wa njano kukalipuka. Mmoja akapaza sauti, "Tulifundishwa!" Wakaanza kupiga meza.

"Haya! Na wangu walifundishwa. Nataka matokeo yao."

Afisa akaja mbele, jasho linamtoka pamoja na baridi yote ile. "Mama, tumekusikia. Kaa. Suala litapelekwa kwenye kamati."

"Kamati inakaa lini?"

"Mwezi ujao."

"Na mimi nitakaa mwezi ujao."

Nikasimama pale pale. Dakika zikapita. Wapishi walichungulia mlangoni kuona kwa nini watu hawaendi kula. Mwisho Afisa akatoa karatasi yenye nembo ya Baraza, akaandika kwa mkono, akanipa. Nikasoma: *Watahiniwa kumi na wanne wamesamehewa, na matokeo yao yatatolewa leo.*

Wamesamehewa? Nikaomba kalamu yake. Nikalikata lile neno, nikaandika juu yake: *walijibu sahihi swali la saba.* Nikamrudishia.

"Sina mamlaka ya kubadilisha mwongozo," akasema.

"Mwenye swali yule pale."

Ukumbi wote ukamgeukia Profesa. Alivua miwani, akaipangusa kwa tai, akaivaa tena. Kisha akaja, akainama juu ya karatasi, akasoma maneno yangu mara mbili. "Nilipaswa kuwauliza watoto kabla ya kuzidisha," akasema, kwa sauti ndogo, bila maiki. Akasaini.

Afisa akaitazama saini hiyo, akautazama ukumbi. Hakuna aliyekuwa ametoka. Naye akasaini, akagonga na muhuri. Niliisoma barua nzima kwa sauti, neno kwa neno, mpaka korido ya vyooni wasikie, ndipo nikakaa.