Transfoma ya Profesa

Mtaani walimwita Profesa, na yeye, badala ya kuuona mzaha, aliuona ukweli. Alikuwa fundi wa shirika la umeme, mtu asiyeweza kubadilisha balbu bila kuihutubia kwanza. Nyumba yake, hata hivyo, ndiyo ilikuwa ya mwisho kwenye laini, ambako umeme ulifika hoi bin taabani. Mganga hajigangi, majirani walisema, tena akiwa anasikia.

Mkewe, Mama Pacha, alikuwa na mashine ya kutotolesha vifaranga. Mara ya kwanza mayai yote yalitoka viza kwa kukosa joto. Safari hii alipanga mengine, akamwambia mumewe bila kupandisha sauti: haya nayo yakiharibika, mashine anaigawa, na hatamwomba tena jambo lolote la umeme. Hilo la pili ndilo lililomchoma. Akaomba kibali kazini cha kurekebisha transfoma ya mtaa, akapewa.

Asubuhi alikata umeme, akaegemeza ngazi kwenye nguzo, akapanda. Kwenye transfoma kuna kitasa chenye namba, cha kuchagua umeme unaoingia upite mizunguko mingapi ya waya: namba kubwa, mizunguko mingi. Kanuni aliwahubiria wenzake kila siku: punguza mizunguko ya kuingilia, umeme unaotoka utapanda. Lakini chini majirani walikuwa wamejaa, na mtu akitazamwa akili humhama. Namba kubwa, umeme mkubwa, akajiambia. Akazungusha, akashuka kwa madaha kama bwana harusi.

Umeme uliporudi, balbu ya kinyozi ilikuwa nyekundu kama kaa la jikoni. Kinyozi aliuliza kwa upole kama huo ndio umeme wenyewe au bado uko njiani. Profesa akajibu kuwa transfoma lazima izoee kwanza, maneno ambayo hata yeye aliyaonea haya. Kisha kanuni ikamrudia. Alikata umeme tena, akapanda, akarudisha kitasa nyuma mpaka kikapita kilipokuwa mwanzo. Safari hii mtaa mzima uling'aa. Hakungoja pongezi, alikimbia nyumbani.

Mashine ilikuwa inawaka vizuri. Ndani hamkuwa na hata yai moja.

"Mayai yako wapi?"

"Kwa jirani, chini ya kuku wake wanaoatamia," Mama Pacha alisema. "Niliyapeleka mapema, nilipokuona unabeba ngazi."

Iliuma. Profesa alikaa. Angemlaumu vipi, na mayai yalikuwa hai kwa sababu hakumwamini? Akamweleza yote: namba, kitasa, kinyozi. Mkewe alicheka mpaka machozi yakamtoka. Halafu akaweka kiganja juu ya mashine, akakiacha hapo kidogo, akachukua kikapu.

"Twende tukayachukue."

Profesa alisimama upesi, kifua kimeanza kumjaa tena.

"Nusu," mkewe akamwambia mlangoni. "Nusu yabaki kwa kuku."