Ndevu za Baba

Sheria za makao yale ya wazee zilinichefua tangu siku ya kwanza. Wanaume bweni la kushoto, wanawake bweni la kulia, kana kwamba ni watoto wa shule wa kuchungwa. Kengele ya kuamka, kengele ya kuoga. Na kila Jumamosi kinyozi alipita kitanda kwa kitanda akiwanyoa wanaume wote, wapende wasipende, eti usafi.

Baba alikwenda kule kwa hiari yake, kumfuata mama aliyekuwa ameanza kusahau. Ndevu alizofuga tangu ujana wake ziliishia sakafuni, zikafagiliwa. Hakulalamika. Alichotaka ni kimoja tu, kulala chumba kimoja na mkewe.

Nilipiga kelele kwenye vikao vya makao na familia za wazee mpaka wakaniita Bi Ghasia. Hatimaye akaja mkuu mpya, mama mmoja msikivu. Akazima kengele, akaanza kuwauliza wazee wenyewe wanataka nini. Baba alijibu hata kabla hajaulizwa.

Siku ya kuhamia chumba kimoja na mama alivaa shati lake la kutokea. Muuguzi akasogeza vitanda viwili vikagusana. Mama akamtazama baba kidevuni, akavuta shuka hadi shingoni.

"Mwanangu, mtoe huyu mzee. Mimi ni mke wa mtu."

"Mama, si ndiye huyu mumeo?"

"Mume wangu ana ndevu. Akimkuta huyu hapa patachimbika."

Baba alicheka kidogo, kisha uso ukamshuka. "Msimsumbue," akasema. "Nitalala chumba cha pili mpaka ziote." Nilitoka nje nikalia.

Mkuu akamwambia kinyozi asimguse mtu bila kumuuliza. Makao mazima yakawa yanachungulia kidevu cha baba. "Mwagilia maji, bwana," wenzake walimtania, naye akijipapasa.

Lakini ndevu za uzeeni hazina haraka. Zilikuwa bado ni vishina tu mama alipougua kifua. Nilimkuta baba ameketi kando yake, mama akimgusa kidevu taratibu.

"Unafanana naye kidogo," mama akasema. "Ukimwona, mwambie namsubiri."

"Nitamwambia," baba akajibu.

Kesho yake mama akafariki.

Jumamosi baada ya mazishi kinyozi alibisha hodi, akauliza kama alivyofundishwa, "Mzee, nikunyoe au niache?"

"Ziache, mwanangu," baba akasema. "Mke wangu alikuwa ameanza kunijua."