Mkoba Usioficha Kitu

Jamani, leo nacheka, lakini wakati ule nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Shangazi yangu, fundi cherehani aliyetulea mimi na kaka yangu, alinishonea mkoba wa shule kwa plastiki ya kufunikia meza, ile unayoona mpaka upande wa pili. Msichana mzima wa kidato cha nne, napita barabarani na madaftari, kitana na kiporo changu vikitazamwa na kila mwenye macho! Shuleni wakanibatiza Dirisha.

Chanzo ni kaka. Alikuwa na miaka kumi na tisa, shule ameiacha zamani, anashinda na wale vijana wa pale kona waliotufanya mtaa mzima tuishi roho juu. Chuma, ndivyo walivyomwita. Nilimpenda, na nampenda mpaka leo. Ndiye aliyenifundisha kusoma saa, ndiye aliyenibeba mgongoni maji ya mvua yakijaa uchochoroni. Basi asubuhi moja akanipa kifurushi nikipitishe kwenye kizuizi cha polisi.

"Mwanafunzi wewe, nani atakupekua?"

Nikakitia mkobani chini ya madaftari, nikakipitisha.

Shangazi alijua siku ileile, sijui nani alimpasha. Hakunipiga wala hakupayuka, na hilo ndilo lililonitisha. Aliuchana mkoba wangu wa zamani kwa mkasi, akakaa kwenye cherehani. Alipomaliza huo wa plastiki, akaziba kwa uzi mifuko yote ya sketi yangu.

"Shule utaenda, na mtihani utafanya," akasema. "Anayekutuma atafute punda mwingine."

Mwezi haukuisha, akina mama wa mtaani wakaanza kumletea watoto wao awashonee mikoba kama wangu. Asubuhi ungetukuta wasichana kumi na zaidi, vitu vyetu nje nje, tunataniana njia nzima: "Wewe, hiyo si ndizi ya juzi?" Nimehamahama sana tangu hapo, na sijapata tena asubuhi tamu kama zile. Hata kelele za ile cherehani nazitamani.

Siku moja Chuma akaja dukani kwa shangazi amevimba kwa hasira.

"Shangazi, unaniponza. Asipobeba huyu, itabidi nibebe mwenyewe."

"Usibebe."

"Unadhani rahisi hivyo?"

Shangazi akasimamisha cherehani. "Si rahisi. Kaa hapa nikufundishe kazi, mwanangu. Kaa." Akamvutia kiti. Chuma akakitazama kitambo, nikadhani atakaa. Kisha akatoka.

Walimkamata kizuizini na kifurushi, asubuhi ya mtihani wetu wa hesabu. Habari ilinikuta natoka chumba cha mtihani. Nitasema ukweli: nilimchukia shangazi. Miezi mizima nilimjibu kwa mkato, nikiona amemtoa kafara mtoto mmoja ili amwokoe mwingine. Naye anashona tu.

Matokeo yalipotoka nikayapeleka gerezani. Kaka akataka nimsomee somo moja moja, kwa sauti. "Mdogo wangu huyo!" akawatambia wenzake, kifua mbele. Halafu akainama karibu yangu.

"Siku ile niliyokamatwa walipekua mpaka wanafunzi. Niliwaona wamepangwa ukutani, mikoba imemwagwa chini."

Nikamkazia macho. "Na kile kifurushi ungenipa mimi? Siku ya mtihani?"

Hakukwepa macho yangu. "Ningekupa, mdogo wangu. Nilikuja mpaka mlangoni. Nikakumbuka huna pa kukificha."

Nilitoka pale moja kwa moja mpaka dukani. Shangazi alikuwa anashona pazia la mteja. Nikamkumbatia kwa nyuma, nikalia mpaka bega lake likalowa.

"Haya, niharibie kitambaa cha watu," akasema. Lakini mikono yangu hakuitoa.