Nibu ya Katekista

Ukanda wa dhahabu umejaa kalamu zisizo na ulimi. Nkwabi alilijua hilo kwa sababu miaka mingi alizunguka kutoka Tinde mpaka Bukombe, na kutoka Bukombe mpaka Geita, akitengeneza saa na redio. Kila alikokuta kalamu ya zamani, ile ya kujazwa wino, alikuta nibu imeng'olewa. Watu walishajua kwamba ile ncha ya mbele ni dhahabu. Waliivuta kwa koleo wakaiuza, na kiwiliwili akapewa mtoto achezee.

Nyumbani Tinde alikuwa nazo kadhaa, zote za nibu ya chuma. Hakuziweka sandukuni zikalala. Ya wino wa kijani iliandika barua za ndugu, nyeusi ilikuwa ya kazi, na ya buluu ilikuwa yake mwenyewe, ya kuandika lolote lililomjia huku chai inapoa. Mkewe, Hosiana, alisema mumewe anaosha kalamu kuliko anavyoosha miguu.

Lakini ya nibu ya dhahabu alikuwa hajawahi kuishika ikiwa nzima. Aliiona mara moja tu, utotoni, mkononi mwa padri aliyepita shuleni kwao. Mstari ulikuwa unanenepa ukishuka na kukonda ukipanda, kama kitu kinachopumua. Shule ile hakuimaliza. Mstari ule hakuusahau.

Basi siku moja alikuwa Nyarugusu, anafungua redio ya mchimbaji mmoja aitwaye Paschal, na Paschal akaiona kalamu mfukoni mwa shati lake.

"Kumbe bado mpo mnaotumia hizo," akasema. "Marehemu babu yangu alikuwa nayo, alikuwa katekista kule Ushirombo. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa."

"Iko wapi?"

"Nimempelekea Davis asubuhi hii, yule broka wa dhahabu wa Rwamgasa. Nibu yake dhahabu kabisa, mzee."

Nkwabi akaweka bisibisi chini. "Redio yako nitaimalizia nikirudi," akasema, na kabla Paschal hajajibu alikuwa ameshapanda bodaboda.

Alimkuta Davis kwenye kibanda chake cha mabati, anapuliza mkaa. Chungu cha kuyeyushia kilikuwa pembeni. Wachimbaji wachache walikuwa wamekaa kwenye benchi, wakisubiri dhahabu zao ziyeyushwe. Na pale juu ya mizani, peke yake, ilikuwepo nibu.

"Shikamoo, guku," Davis akasema, akimwita babu kwa Kisukuma. "Umeleta mzigo?"

"Marahaba. Nimefuata mzigo. Hiyo nibu niuzie mimi. Taja bei."

Davis akatikisa kichwa. "Mzigo ukishapanda mizani yangu siutoi kwa noti. Nilimfanyia mtu hivyo mwaka jana, bahati ikanikimbia, wiki nzima hakuingia mchimbaji humu. Nilikaa na nzi. Unataka dhahabu, weka dhahabu."

"Mimi nitatoa wapi dhahabu?"

"Ingia duarani, guku, shimoni ukachimbe," mmoja wa benchini akasema. "Kamba tutakushikia. Krismasi utakuwa umeshapata."

Wakacheka. Davis akaushika mkaa kwa koleo, akaupanga kukizunguka chungu. Nkwabi aliuona ukianza kuiva, na ulimi wake ukaenda wenyewe kwenye jino la mbele.

Jino lile alilivisha dhahabu ujanani, alipopata kijiwe chake cha kwanza cha kutengenezea saa hapo hapo Geita. Enzi hizo alikuwa anacheka mdomo wazi hata msibani. Sasa kofia ile ya jino ilikuwa imelegea, akitafuna ugali inacheza. Akawapa kisogo, akatoa leso, akavuta. Haikutoka. Akavuta tena kwa nguvu, machozi yakamlenga. Ikatoka.

Akaipangusa, akaiweka mezani.

Davis akaisugua kwenye jiwe lake jeusi, akadondoshea tindikali, akasubiri. Alama haikufutika. Akaipima.

"Guku, hii imeizidi nibu mbali sana."

"Kwa hiyo iliyozidi, nipe kile kiwiliwili ulichokitupa pale kwenye gunia la mkaa, na maji ya moto."

"Mzee amechanganyikiwa," yule wa benchini akanong'ona, lakini safari hii hakucheka.

Maji yakaja kwenye bakuli. Nkwabi akaitumbukiza nibu, na maji yakageuka buluu taratibu. Ulikuwa wino wa katekista, uliokaukia humo tangu siku aliyoandika mara ya mwisho. Koleo la Davis lilikuwa limeipinda nibu ncha moja. Akailaza juu ya kioo cha saa yake, akaikandamiza kwa ukucha, akaiinua kwenye mwanga, akaikandamiza tena. Kifuko cha mpira cha ndani kilikuwa kimekauka kama ganda la karanga. Hicho angekitafutia dawa baadaye, leo angechovya. Akairudisha nibu mahali pake, akafungua kichupa chake cha wino, akatoa kalenda ya zamani iliyokuwa ukutani, akaigeuza upande mtupu.

Nibu ikakwaruza. Karatasi haikupata kitu.

"Umejing'oa jino bure, guku," Davis akasema, kwa huruma kabisa.

Akachovya tena. Akailaza kidogo zaidi, mkono ukalegea. Wino ukashuka. Mstari ukanenepa ukishuka, ukakonda ukipanda, na mzee akawa haoni tena kibanda wala watu.

Alipoinua kichwa, wote walikuwa wamesimama nyuma yake.

"Niandikie Ritha," Davis akasema. "Ni binti yangu." Akaandika. Davis akalikata jina lile kwa uangalifu, akalibandika juu ya mizani yake. Mwingine akataka la mama yake, mwingine la ng'ombe wake. Mkaa ulipoa, na hakuna aliyeulizia.

Hosiana alimpokea mlangoni, akamkazia macho.

"Baba Aneth, jino liko wapi?"

Nkwabi akakaa, akachovya, akaandika *Hosiana* kubwa, upana wa karatasi nzima. Mkewe akaiinamia karatasi.

"Hiyo herufi ya kwanza," akasema, "irudie nione."

Akairudia. Jumapili iliyofuata tangazo la jumuiya, lililoandikwa kwa nibu ile, lilibandikwa kwenye mlango wa kanisa, na watu walisimama kulisoma mara mbili mbili, ingawa lilihusu zamu ya kufagia tu. Nkwabi alikuwa pembeni, anacheka mdomo wazi, pengo lote nje.