Springi za Muigai

Walikuwa wameshatoka Kiplombe, jua halijachomoza vizuri, na tayari Kavetsa alikuwa amejuta majuto ya kutosha safari nzima. Nyuma ya gari la Muigai la kwenda porini, mizinga yake ya nyuki ilikuwa imefungwa kwa kamba, midomo imezibwa kwa wavu. Jirani alikuwa anaanza kupuliza dawa kwenye mahindi. Nyuki wakibaki, ni kufa. Palikuwa na mahali pamoja tu pa kuwapeleka, shamba la dada yake Selpha, mbele ya Soy. Na kila tuta gari liliruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba, nyuki wakanguruma.

Muigai, mwenye duka la mabati na misumari, alinunua vitu ili aonekane amenunua. Alipokwenda kutafuta springi mpya, muuzaji alimuuliza swali moja la maana: nyuma unabeba uzito gani kila siku? Muigai akajumlisha tangi la maji, masanduku ya chuma, hema, jenereta, na kwa kuwa hakuna aliyemzuia, akaongeza ng'ombe mzima asiyekuwa naye. Akauziwa springi ngumu kuliko zote dukani. Gari likainua matako juu, akalipiga picha. Jana alikuwa ameteremsha vyombo vyote ili mizinga ipate nafasi. Ugumu wa springi ukabaki palepale.

"Gari inatupiga," Kavetsa alisema.

"Hiyo si kupiga, mama. Hiyo ni nguvu. Hizi springi zinabeba tani."

"Na hiyo tani iko wapi?"

"Ikikuja itabebwa."

"Nyuki si tani, Muigai. Hata wewe na hicho kitambi chako hamfiki nusu."

Kavetsa mwenyewe pia alistahili kudharauliwa kidogo, na alijua. Mzee Zachariah alikuwa amemwahidi pikapu yake ya maziwa, iliyochoka springi ikalala nyuma kama kuku anayeatamia, naye akaikataa kwa sababu inanuka. Alitaka Selpha amwone akishuka kwa gari refu.

Pale Soy, kina mama wa sokoni walikuwa wamesimama na magunia ya viazi wakingoja usafiri.

"Simama tubebe hawa," Kavetsa alisema. "Wakikalia hizo springi, gari itatulia."

Muigai aliyatazama magunia kama mtu aliyeonyeshwa mtaro wa choo. "Hii gari haibebi waru."

"Inabeba nini?"

"Ni gari ya heshima."

"Basi weka hiyo heshima huko nyuma, iwe uzito."

Mama mmoja kando ya barabara akacheka. Kicheko hicho ndicho kilichomuuma Muigai, akakanyaga mafuta.

Wakaacha lami, na shimo la kwanza likatosha. Gari liliruka, likatua kwa kishindo, masega yakakatika ndani ya mizinga, asali ikachuruzika, na wavu mmoja ukang'oka. Muigai huendesha kiwiko kikiwa nje dirishani, kwa hiyo nyuki walianzia kwenye kiwiko. Alifunga breki, akaruka, akaingia mahindi ya watu akipiga mayowe ya kuita mamake.

Kavetsa alivaa kofia yake ya wavu, akapuliza moshi wa kuwatuliza nyuki, akaziba palipokuwa pamefunguka. Kisha akampigia simu Zachariah.

"Yangu bado inanuka, mama," mzee alisema.

"Kuja tu, Mzee."

Akaja polepole, kama anayebeba mayai.

Mizinga miwili ilifika kwa Selpha ikiwa hai. Mingine ilikufa, masega yakiwa yamewaponda malkia. Muigai alivimba uso, akapona, akamuuzia gari mtu wa kubeba mawe ya kujengea, na huko linatembea vizuri. Kina mama wa Soy walipanda lori. Zachariah bado anabeba maziwa. Selpha hula asali na kusema ni ya shamba lake. Kavetsa ameanza kufuga kuku.