Sauti Nne za Mama

Jumamosi, tarehe 12 Oktoba 2002. Asubuhi hiyo mji wa Mansfield, huko Amerika, uliamka na manyunyu mepesi na ukungu ulioshuka chini kabisa, hata taa za kituo cha mafuta ng'ambo ya barabara zilionekana kama zinaelea hewani. Baridi haikuwa kali, ila ilitosha kumfanya Kwamboka ajifunge leso juu ya sweta alipotoka kusubiri gari la kwaya.

Hakuwa amelala vizuri, na sababu ilikuwa furaha. Siku hiyo, kwenye kongamano la makanisa ya Waswahili huko Houston, kwaya ya Mansfield ingeimba wimbo uliotungwa na marehemu mama yake. Baba yake, aliyekuwa hainuki kitandani Kisii tangu mwezi wa nne, alikuwa amemwomba kitu kimoja tu kwa simu: ausikie wimbo wa mkewe mara moja tena, vile alivyokuwa akiuimba, kwa sauti zote nne. Huko nyumbani wale waliozijua sauti hizo walikuwa wamezeeka wakazisahau, au wamekufa. Zilibaki kichwani mwa Kwamboka peke yake: ya kwanza, ya pili, ya tatu na besi. Karatasi zake za uhamiaji hazikuwa zimekamilika, kwa hiyo hakuweza kusafiri. Basi wimbo ungerekodiwa kwenye kaseti huko Houston, na Jumatatu Mchungaji Leonce angepanda nayo ndege kwenda Nairobi.

Mwezi wa saba wote aliifundisha kwaya, sauti baada ya sauti, kama mama yake alivyofundisha: kwanza do re mi bila maneno, mpaka kila mtu aimbe noti zake hata akiamshwa usingizini, ndipo maneno yaje. Mwezi wa nane ulipoanza, masomo ya jioni ya uuguzi yalianza, Jumanne na Alhamisi, siku zile zile za mazoezi. Wikendi alikuwa zamu kwenye nyumba ya wazee. Mwalimu alikuwa ameliambia darasa lao, tena akimtazama yeye mwenye umri wa miaka arobaini na nne, kwamba atakayekosa vipindi aage mapema. Kwaya akamwachia Charlotte.

Hakuna mtu ambaye Kwamboka alimwamini kama Charlotte. Huyu alikuwa mama wa Kikongo kutoka Bukavu, jirani yake wa ghorofa ya chini, na kila alfajiri kabla ya kwenda kazini waliombeana kwa simu. Katika maombi hayo Charlotte alikuwa akimpa habari za kwaya. "Sauti ya tatu sasa inakaa muzuri, dada," angesema. "Tumushukuru Mungu." Nao wakamshukuru Mungu.

Gari lilikuja. Mugisho, mume wa Charlotte, ndiye aliyekuwa akiendesha. Dedan, Mkenya aliyefanya kazi ofisini Plano, alikuwa mbele. Nyuma kabisa, chini ya mablanketi, kulikuwa na kinanda chake.

"Hicho ni cha nini?" Kwamboka aliuliza. "Wimbo wetu hauna kinanda."

"Ni cha vijana, dada. Wana kipindi chao jioni," Dedan akajibu bila kugeuka.

Waliposhika barabara ya kusini, Mugisho akafungua redio. Mwanamume mmoja alikuwa akiimba kwa gitaa, sauti imejaa machozi.

"Mzee Mugisho, ukiendelea na hiyo nitashuka Corsicana," Dedan alisema.

"Utashuka, utatembea. Mu mziki ya hawa Baamerika, miye napenda hii ya bacowboy tu. Sikia huyu. Analilia bibi yake, analilia gari yake, analilia imbwa yake. Ni rumba ya kwetu kabisa, ila rumba haina imbwa."

Gari zima likacheka. Hata Zoé, binti wa Charlotte mwenye miaka kumi na mitano, alitoa spika moja sikioni, akasema kwa Kiingereza kwamba baba yake anatia aibu, akairudisha.

"Hata kwetu redio ilikuwa inazicheza nyimbo hizi Jumapili asubuhi," Dedan akasema. "Babangu alinunua mpaka kofia. Lakini muziki wa Amerika ni gospel ya watu weusi, hakuna mwingine. Mtu akiimba unajua ameokoka. Sisi tunasimama kama askari wa gwaride, tunamwangalia kondakta."

"Wanaimba vizuri, sikatai," Kwamboka alisema. "Lakini huku mmoja ndiye mwenye wimbo. Wengine wanamwitikia. Akitaka kukaa kwenye neno moja, anapanda nalo, anashuka nalo, analizungusha, mpaka unasahau alikuwa anaenda wapi. Kwetu hakuna mwenye wimbo. Ondoa sauti ya tatu tu, uone kama kuna kitu kimebaki."

"Haya, mwalimu," Dedan akasema. "Na watoto je? Hao wanaitaka hiyo sauti ya tatu?"

"Watoto wanapenda wanachofundishwa. Si ndiyo, Mama Zoé?"

Charlotte alikuwa ameegemeza kichwa kwenye dirisha, macho yamefumbwa. Kwamboka akamvutia leso yake mabegani, akidhani amelala.

Ukumbi ulikuwa mtaa wa Sharpstown, nyuma ya safu ya majengo marefu ya kupanga. Huko jua lilikuwa kali na hewa nzito, na wamama wa Houston walikuwa tayari wakijipepea kwa ratiba za kongamano. Mchungaji Leonce alikuwa ametega kinasa sauti chake juu ya kiti cha mbele, kaseti mpya ndani. Kwamboka aliinama kando ya mlango akaomba kidogo. Hakuomba sauti nzuri. Aliomba baba yake aishi mpaka Jumatano, kaseti imfikie.

Walipoitwa, alisimama mbele ya kwaya, mgongo kwa watu. Alifanya kama alivyofanya mama yake: akavuta do kwa mdomo, taratibu, akampa kila mmoja noti yake. Ya kwanza wakaishika. Ya pili wakaitafuta, wakaipata nusu. Kutoka kwa ya tatu na besi hakusikia kitu. Aliinua macho, akaona hawamtazami yeye. Walikuwa wakitazama kitu kilichoko nyuma ya bega lake.

Akainua mikono ili aanze, na kinanda kikalia.

Kililia katika sauti nyingine kabisa, juu zaidi ya ile aliyotoa. Kisha ngoma za umeme zikaingia. Kwaya ikaanza kuyumba pamoja, kushoto, kulia, na kupiga makofi, watu waliozoea. Zoé akatoka safu ya nyuma na kipaza sauti mkononi, akapita kando ya Kwamboka bila kumgusa, akasimama mbele ya watu.

Ulikuwa wimbo wa mama. Mwanzo wake tu ndio uliomfanya autambue. "Usifunge mlango, kuna mtu njiani," mama alikuwa ameandika, kwa ajili ya kaka yake aliyekwenda migodini asirudi. Sasa ulikuwa kwa Kiingereza, na Zoé alikaa kwenye neno "door", yaani mlango, muda mrefu, akapanda nalo, akashuka nalo, na watu wa Houston wakaanza kuinuka mmoja mmoja kwenye viti. Wanakwaya thelathini waliokuwa na sauti nne sasa walikuwa na moja, wakimwitikia msichana.

Mikono ya Kwamboka ilikuwa bado hewani. Aliishusha. Hakujua aende wapi, maana kulia kulikuwa na kinanda na kushoto kulikuwa na ngazi iliyojaa watu, kwa hiyo akabaki pale pale, kondakta wa wimbo usiomhitaji. Na kilichomuumiza zaidi ni kwamba mtoto aliimba vizuri. Vinyweleo vya mikono yake mwenyewe vilisimama. Alitaka kuuchukia ule wimbo, akashindwa kuuchukia wote. Mama mmoja wa mstari wa mbele alikuwa akilia kwa furaha, na kaseti ikizunguka.

Ulipokwisha, watu walishangilia mpaka mshereheshaji akaomba wakae.

Alimkuta Charlotte chumba cha chakula, akifunua sinia za pilau na sombe ya majani ya muhogo kabla watu hawajatoka ibadani. Wanakwaya wengine walikuwa wameingia pia, wakisimama kando ya ukuta kama wanafunzi waliovunja dirisha.

"Tangu lini?" Kwamboka aliuliza.

Charlotte aliweka kijiko chini. "Tangu mwezi wa nane."

"Kila siku ya darasa langu."

"Dada, weye hujui hii kitu ilivyonipata. Zoé alikataa kanisa. Alisema pale banaimba kama ku maziko. Njo Dedan akamupa huu wimbo, akauimba hivi, akarudi. Batoto bengine bakarudi naye. Ningefanya nini?"

"Ungeniambia."

"Ungesema hapana."

"Ndiyo. Ningesema hapana. Halafu ningewafundishia watoto wimbo mwingine waufanye wanavyotaka. Nyimbo ziko nyingi, Mama Zoé. Huu ulikuwa wa mzee mmoja."

"Nilizani ukiona watu wanaufurahia..."

"Jana alfajiri uliniombea," Kwamboka akasema. Sauti yake haikupanda. "Ulisema, Bwana shikilia sauti ya tatu. Mimi nikasema amina. Nilisemea nini amina?"

Charlotte alifunika uso kwa kitenge chake. Mugisho alisogea, akatoa kofia. "Dada Kwamboka, ni sisi wote. Nilimuambia bibi yangu akuambie. Lakini na miye nikanyamaza."

"Mimi ndiye niliyepanga muziki," Dedan akasema. "Nilidhani utakasirika siku mbili, halafu utatushukuru."

Mchungaji Leonce aliingia na kinasa sauti chake chini ya kwapa. Alikuwa ameelewa sasa tu; hakuwa ameambiwa chochote kabla, na uso wake ulionyesha hivyo. "Ndege yangu ni keshokutwa," alisema. "Kwaya nzima iko hapa. Jipangeni, tuuimbe sasa hivi kama mama alivyouandika. Mzee hatajua kama tulikuwa jikoni."

Kwamboka alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu kinanda kilie, akavuta pumzi mpaka chini. Wanakwaya walijipanga haraka, kwa hamu ya watu wanaotaka kusamehewa. Mchungaji alibonyeza kitufe. Kwamboka akatoa do, akagawa noti, akainua mikono.

Ya kwanza walikuwepo. Ya pili walienda nao mistari miwili, wakapotea. Ya tatu walianza, wakateleza kwenda kwa ya kwanza, kwa sababu ndiyo waliyoizoea wakimwitikia Zoé. Wanaume wa besi walikuwa wakitingisha miguu, wakisubiri ngoma. Alisimamisha, akatoa noti upya. Wakaanza tena. Mara hii hawakufika hata mstari wa pili.

Hakusimamisha mara ya tatu. Waliacha wenyewe, mmoja mmoja, mpaka ikabaki sauti ya mama mmoja mzee wa sauti ya pili aliyekuwa amefumba macho, naye akayafumbua akaona aibu.

"Nilizifundisha mwezi mzima," Kwamboka akasema, kama anayewauliza. "Mlikuwa nazo."

Zoé alikuwa mlangoni, bado na jasho la kuimba, akimwangalia mama yake. "Mom, you told me she knew," alisema. Mama yake alikuwa amemwambia kwamba Kwamboka anajua.

Mchungaji akazima kinasa. Alimvuta Kwamboka pembeni, lakini chumba kilikuwa kidogo na kila mtu alisikia. "Mwanangu, nitampelekea mzee ile ya ukumbini. Maneno ni ya mkewe, ingawa ni kwa Kiingereza. Mwambie tu uliimbwa. Si uongo. Uliimbwa. Na mshike mkono Mama Zoé tuombe, chakula kinapoa."

Kwamboka alijaribu kuomba moyoni kabla ya kujibu, kama alivyozoea kufanya katika kila jambo. Maneno hayakuja. Lilikuja moja tu, jina la Bwana, likakaa hapo bila kitu nyuma yake. Aliona kwamba angeweza kumshika Charlotte mkono, na kwamba mkono huo ungekuwa na joto lile lile la kila siku, na hilo ndilo lililomshinda.

"Mchungaji, niwie radhi," alisema. "Sitaushika leo. Labda Mungu atanisaidia siku nyingine, lakini leo ningekuwa naigiza, na kuigiza mbele zake kumetosha."

Aligeuka akawatazama wote, kuanzia Dedan hadi Mugisho, kisha Charlotte, ambaye alikuwa ameshusha kitenge.

"Nisikieni, na Mungu anisikie. Leo hii nitampigia baba yangu. Nitamwimbia mimi mwenyewe sauti ya kwanza kwa simu, mpaka mwisho. Nitamwambia zile tatu niliwakabidhi watu niliowapenda, na hawakuzitunza. Akiniuliza ni nani, nitamtajia majina, nikianza na la Charlotte, na sitaongeza neno wala kupunguza. Naahidi mbele yenu nyote: baba yangu hatakufa akiamini kwamba wimbo wa mkewe uliimbwa Houston."